Mdogo wangu alifungwa kanga mlangoni kanisani, naomba kueleweshwa Biblia inasemaje hasa kuhusu uchi na mavazi ya kujisitiri

Mgogo_Mpole

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wale wa imani zingine salaam zenu pia. Naandika bado nina uchungu moyoni kwahiyo mnivumilie nikirefusha.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 19, kamaliza form six anasubiri chuo, mtoto wa kanisani tangu sandeiskuli. Jumapili iliyopita alivaa gauni la kitenge ambalo mama alimshonesha kwa fundi wa mtaani kwetu, gauni la heshima kabisa lina mikono, linaishia magotini, ila fundi alibana kidogo pale kwenye nyonga kwahiyo akitembea pindo linapanda juu ya goti kama vidole viwili hivi. Tumefika mlangoni kuna benchi, juu ya benchi kanga zimekunjwa kama nane, mama mmoja wa wahudumu akamshika mkono akamtoa kwenye foleni akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "binti hapa ni nyumbani mwa Bwana sio disko", akaanza kumfunga kanga kiunoni pale pale watu wanapita, akaikaza na fundo kwa nyuma kama unavyomfunga mtoto mdogo bibu. Vijana wa kwaya wamesimama wanaangalia. Mdogo wangu hakujibu kitu, alikuwa anaangalia viatu vyake tu. Alikaa kiti cha mwisho, na kabla ya sadaka akatoka. Niliporudi nyumbani nikamkuta amelala kifudifudi na ile kanga bado iko kiunoni.

Siku hiyo hiyo mchungaji alihubiri mavazi. Alisema Adamu na Hawa walijishonea majani mafupi, Mungu akaona hayafai akawashonea ngozi ndefu mpaka miguuni. Jioni mdogo wangu akaniuliza, "kaka, kwani Mungu ananionea aibu mimi?" nikakosa la kumjibu, na mimi ndio nilimpeleka kipaimara.

Tangu hapo nasoma Biblia usiku na nazidi kuchanganyikiwa. Mwanzo 2:25 wote wawili wako uchi na hawaoni haya, sasa kama uchi ni dhambi ilikuwaje Mungu akakiona kila kitu ni chema sana? Isaya 20 nabii anaambiwa na Mungu mwenyewe atembee uchi miaka 3. Sauli analala uchi mchana kutwa na usiku kucha anatabiri, 1 Samweli 19. Alafu hiyo ngozi "ndefu" mbona kwenye Biblia yangu siioni? Naomba wenye uelewa wanisaidie, ila tafadhali tusitukanane wala kusema makanisa ya watu, mi nataka jibu la kumpelekea huyu mtoto.

Mama_wa_Lango

Shalom mwanangu. Nakujibu kwa upendo kwa sababu mimi mwenyewe ni mhudumu wa mlangoni, sio kanisa lenu, mimi niko Iringa, huu mwaka wa 11 nasimama pale na kanga zangu.

Kwanza mpe pole binti. Huyo mwenzangu alikosea sauti, hilo silifichi. Mtu unamvuta pembeni, unamsalimia, unamuuliza habari za nyumbani, ndio unampa kanga. Lakini jambo lenyewe mwanangu usilikatae kwa sababu ya uchungu. Soma Kutoka 20:26, Mungu anakataza madhabahu yake iwe na ngazi ili uchi wa anayepanda usionekane. Soma Kutoka 28:42, makuhani wanashonewa suruali za kitani kutoka kiunoni mpaka mapajani, na hao ni wanaume, kwahiyo watu wasiseme Biblia inawaonea wanawake. Kama Mungu alijali paja la Haruni mbele za madhabahu, atashindwa kujali letu? Na Paulo yuko wazi, 1 Timotheo 2:9, wanawake wajipambe kwa mavazi ya kujisitiri.

Alafu kuna kitu vijana hamkioni mkiwa mmekaa kwenye viti. Mimi nakaa na kijana amekuja kwenye maombi analia, anatoka kwenye mambo ya video chafu simuni, anapigana vita, anaomba asaidiwe. Namsaidiaje huyo? Kanga zile tulizinunua kwa michango ya wamama, mmoja mmoja, wengine wanauza maandazi. Hatukuzinunua ili tumdhalilishe mtu. Mama zetu walitulea hivyo, hupiti mbele ya baba mkwe bila kujitanda, je mbele za Mungu?

dagaa_usiku

Mi sio msomi ila kuna mstari mmoja naujua kuliko wachungaji wote, Yohana 21:7. Petro yuko kwenye mashua usiku kucha hawajapata kitu, anaambiwa yule pale ufukweni ni Bwana, anajifunga vazi lake maana alikuwa uchi, anajitupa baharini.

Nimevua dagaa Ukerewe miaka mingi. Usiku wa giza tunatoka na taa, ukishaanza kuvuta nyavu maji yanaingia mtumbwini, nguo inalowa inakuwa nzito inakubana mikono, kwahiyo kila mtu anabaki na chupi au kaptula iliyochanika, hakuna anayemuangalia mwenzake, kila mtu macho kwenye kamba. Hiyo sio dhambi ni kazi. Lakini kukipambazuka tunakaribia mwaloni, pale wanapotusubiri wamama wa kununua, bila kuambiana kila mtu anatafuta shati lake. Hata kama limelowa analivaa. Hatuvai kwa sababu mtu amesimama mwaloni anatukaripia, tunavaa kwa sababu kuna watu tunaowaheshimu wanatuona.

Sasa Petro alivaa alafu akaruka majini! Mtu wa majini akitaka kuogelea anavua, yeye alivaa. Huwa nikifika hapo nasimama. Yesu hakumwambia vaa, ni mapenzi tu yalimvalisha. Na alipofika hakuambiwa neno kuhusu nguo, alikuta moto wa makaa, samaki na mkate. Mwambie mdogo wako hivyo.

mwinjilisti_mstaafu

Mgogo_Mpole pole sana mwanangu. Nimefundisha chuo cha Biblia mpaka nikastaafu, nitajaribu kukujibu swali lako moja moja ingawa nitaruka ruka.

Neno "ndefu" halipo. Mwanzo 3:21 inasema Bwana Mungu akawafanyia Adamu na mkewe mavazi ya ngozi, akawavika. Basi. Ila mchungaji wenu hakuwa mbali sana na ukweli, nimtendee haki. Kwenye Kiebrania kile walichojishonea wenyewe kwa majani ya mtini ni hagorot, kitu cha kufunga kiunoni kama mshipi. Alichowapa Mungu ni kotnot, kanzu, ni neno lile lile la kanzu ya Yusufu aliyopewa na baba yake, na la kanzu za makuhani. Kwahiyo ndiyo, Mungu aliwafunika zaidi ya walivyojifunika wao. Lakini tazama alivyofanya! Hakuwaambia mkavae ndio mje niongee nanyi. Aliongea nao wakiwa na majani yao, akauliza uko wapi, akauliza ni nani aliyekuambia ya kuwa u uchi, akasikiliza wanavyotupiana lawama, akatamka hukumu, na kabla hajawatoa kwenda kwenye miiba na michongoma akawavika mwenyewe. Kitenzi ni cha Mungu. Nimehubiri mstari huu mara nyingi na bado unanitoa machozi, kwamba mikono ya Muumba ilimfunga Adamu nguo kama mzazi anavyomvalisha mtoto anayesafiri.

Kuhusu Edeni. Uchi kwenye 2:25 ni arummim, na mstari unaofuata tu nyoka anaitwa arum, mwerevu. Kwa Kiebrania sauti ni karibu moja, na mwandishi amefanya makusudi, amewaweka pamoja watu ambao hawana cha kuficha na kiumbe ambaye kila kitu chake ni cha kuficha. Miili yao haikubadilika kati ya sura ya 2 na ya 3. Kilichobadilika ni macho, ndivyo 3:7 inavyosema, wakafumbuliwa macho wote wawili. Kwahiyo anayefundisha kwamba mwili wa mwanamke wenyewe ni mtego anamsingizia Mungu kwamba aliumba mtego akauita chema sana. Mwili ni chema. Ulimwengu ndio haukai tena salama na mwili ulio wazi, na hapo mama wa Iringa ana hoja, tusimpuuze.

Isaya sasa. Ilikuwa mwaka ule jemadari wa Sargoni mfalme wa Ashuru alipouteka Ashdodi, kwenye mwaka 711 hivi kabla ya Kristo. Nabii anaambiwa avue gunia na viatu, kwa nini? Mstari wa 4 unajibu, kwa sababu ndivyo watu wa Misri na Kushi watakavyopelekwa utumwani, vijana kwa wazee, uchi, miguu mitupu, matako wazi. Ashuru walikuwa wanawaongoza mateka hivyo. Uchi hapo ni fedheha ya mtu aliyeshindwa vita, na Isaya aliibeba mwilini mwake watu waione kabla haijawapata. Wako wasomi wanaosema alibaki na vazi la ndani, inawezekana, neno lenyewe linaruhusu, hata la Petro pale Yohana 21 linaruhusu kama alivyosema ndugu yetu mvuvi kwamba wanabaki na chupi. Na Sauli vivyo hivyo, usisome ile kama ibada, isome pamoja na sura iliyotangulia, 18:4, ambako Yonathani mwanawe anavua joho lake anampa Daudi. Mtoto wa mfalme anavua kwa hiari, mfalme mwenyewe anakuja kuvuliwa bila hiari, analala chini bila vazi la kifalme. Ufalme unaondoka pale.

Ukitoa Wimbo Ulio Bora ambako mtu na mpenzi wake wanasifiana kuanzia nywele mpaka nyayo, karibu kila mahali baada ya Edeni uchi kwenye Biblia ni umaskini, utumwa, au kuaibishwa. Ayubu 24 maskini wanalala uchi usiku kucha hawana cha kujifunika baridi. Isaya 58:7 umwonapo mtu aliye uchi umvike. Yakobo 2:15 ndugu mwanamume au mwanamke yu uchi na kupungukiwa na riziki. Mathayo 25 nalikuwa uchi mkanivika. Ukihesabu mistari inayomwambia mtu "mvike mwenzako" na inayomwambia mtu "vazi lako fupi" utashangaa.

Ndio maana 1 Timotheo 2:9 isomwe mpaka mwisho. Timotheo alikuwa Efeso, mji mkubwa wenye pesa, na vitu Paulo anavyovitaja ni nywele za kusuka, dhahabu, lulu na nguo za thamani. Hakuna urefu wa vazi pale. Hizo lulu zilikuwa bei mbaya, mke wa mfanyabiashara alikaa nazo kwenye mkutano mmoja na mtumwa mwenye nguo moja tu. Kujisitiri kule ni pamoja na kutomfanya maskini ajione hana kitu. Sisi tunapima magoti ya mabinti tu, ile nusu nyingine ya mstari tunaipita haraka kwa sababu waliovaa nguo za thamani wanakaa viti vya mbele na wengine tuko madhabahuni.

Naongeza moja kwa ajili yako Mama_wa_Lango, maana naona una moyo wa huduma. Karne za kwanza watu walibatizwa uchi. Askofu Kirilo wa Yerusalemu, karne ya 4, anawakumbusha waliotoka majini kwamba walikuwa uchi mbele za wote na hawakuona haya, kama Adamu yule wa kwanza bustanini. Na kwa wanawake, mafundisho ya Didaskalia yaliyotoka upande wa Shamu (Syria) karne ya 3 yanaagiza wakishuka majini wapakwe mafuta na mashemasi wanawake, ili mwanamume asiwaone. Huduma yako ni ya zamani kiasi hicho mama. Shemasi wa kike aliwekwa ili mwenzake asiaibike.

kijana_wa_ubungo

Kwahiyo mzee unataka kusema tuvae chochote? Maana vijana wakisoma hapa watachukua hiyo tu

mwinjilisti_mstaafu

Hapana mwanangu, sijasema hivyo na sitasema. Makuhani walishonewa suruali, mama amenukuu sawa. Nguo ya kanisani, ya msibani, ya shambani, kila mtu mwenye adabu zake anajua tofauti. Nasema Yesu kwenye Mathayo 5:28 na 29 alipofika kwenye tamaa aliongea na mwenye jicho. Jicho lako la kuume likikukosesha ling'oe. Kijana anayepigana vita na simu yake nampenda na nitakesha naye kwenye maombi, ila vita yake haitapigwa kwenye goti la binti wa watu. Video zile haziko mlangoni kwa mama wa Iringa, ziko mfukoni mwake.

Wa_Kayole

Mimi niko Nairobi, nataka kusema kitu juu ya hii maneno ya kukaza mtu mavazi mbele ya watu.

Novemba 2014 hapa kwetu kuna mwanamke alivuliwa nguo kwenye steji ya matatu mchana peupe na kundi la wanaume, wakipiga kelele ati amevaa vibaya anawajaribu. Video ikazunguka nchi nzima. Tarehe 17 wanawake wakaingia barabarani kuandamana, na kabla ya mwaka kuisha bunge likaweka kwa sheria kwamba ukimvua mtu nguo kwa nguvu jela si chini ya miaka 10. Uganda mwaka huo huo Februari walikuwa wametia sahihi sheria ya kupinga ponografia, watu wakaiita sheria ya mini, na haikukaa wiki ngapi wanawake wakaanza kusumbuliwa barabarani na watu wasio polisi, mpaka Agosti 2021 mahakama ya kikatiba ikafuta vifungu vyake kadhaa. Nilikuwa naenda kazini kupitia steji siku hizo, na mke wangu alikuwa anabeba leso, yaani kanga, kwa mkoba kila siku, sio kwa sababu sketi yake ilikuwa fupi, ni kwa sababu hakujua leo mtu gani ataamua kwamba ni fupi.

Sasa fikirieni vizuri ndugu zangu, wale wanaume walisema wanatetea heshima, na matokeo yake ni mwanamke yuko uchi katikati ya mji. Hakuna mtu kwenye ile video aliyefanya dhambi ya uchi isipokuwa waliomvua. Sisemi yule mama wa kanisa ni kama wao, hapana, yeye alifunika. Lakini ile kelele ni ndugu na ile nyingine.

Luka 8 kuna mtu alikuwa na pepo, siku nyingi hakuvaa nguo, anakaa makaburini. Watu wa mji walikuwa wanamfunga minyororo. Mstari wa 35 wanakuja wanamkuta ameketi miguuni pa Yesu, amevaa nguo, ana akili zake. Huwa najiuliza hiyo nguo ilitoka wapi. Kule makaburini hakuna duka. Mmoja wa wale waliokuja na Yesu kwa mashua lazima alivua yake ya juu akampa, na hakuna aliyeandika jina lake.

nesi_wa_zamu

Nimesoma mpaka nimechelewa kulala na kesho naingia asubuhi. Mi ni mkunga. Kazi yangu yote ni watu wakiwa uchi jamani, kwahiyo naomba niseme.

Wamama wanaokuja kujifungua tunawaambia waje na kanga, za kulalia, za kumpokelea mtoto, za kujifunga. Kuna usiku aliletwa mama na bodaboda, chupa ilipasuka njiani, nguo imelowa damu imemng'ang'ania mwilini, hana ndugu hana kanga hana chochote. Korido imejaa wababa wanaosubiri wake zao. Kitanda kimoja tu kimebaki na pazia lake lilikuwa limekatika kamba. Nikiwa nahangaika kutafuta shuka, bibi mmoja aliyekuja kuleta uji kwa binti yake akaweka chupa ya uji chini, akatoa kanga yake ya mabegani, akainyoosha mikono miwili akasimama kama pazia. Na yeye mwenyewe uso kaugeuzia ukutani. Alisimama hivyo mpaka mtoto akatoka, mikono inatetemeka, hakugeuka hata mara moja, na wala hakumuuliza yule mama kwa nini umekuja bila kanga.

Baadae nikaja kusoma Mwanzo 9, Nuhu amelewa amelala uchi hemani. Hamu akaona akaenda nje kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wakachukua nguo wakaiweka mabegani wakaenda kinyumenyume, nyuso zao zimeelekea nyuma, wakamfunika. Nikasema huyu ni yule bibi wa uji. Ukiangalia wote watatu walijua baba yuko uchi. Mmoja alilitoa nje. Wawili waliingia nalo ndani.

Na sisi kwa Kiswahili tuna bahati, neno ni moja tu, kusitiri. Kumsitiri mtu ni kumfunika nguo na ni kumtunzia siri yake. Ukimfunika huku unamtangaza hujamsitiri, umemfunika tu.

Kitu kingine cha mdogo wako. Yohana 19:23, askari waligawana mavazi ya Yesu mafungu manne, kanzu wakaipigia kura. Warumi waliwasulubisha watu wakiwa uchi, aibu ilikuwa sehemu ya adhabu. Ile nguo ya kiunoni tunayoiona kwenye misalaba yetu ni sisi tumemvalisha baadae kwa heshima. Mama yake alikuwa amesimama pale anaona. Mimi nikikumbuka hilo nashindwa kuamini kwamba kuna mtu aliyeaibishwa mbele za watu ambaye Yesu anamuonea aibu. Alipitia huko huko.

Mswahili_Roma

Nafanya kazi Roma, nimepita mara nyingi kwenye ile kapela ya Sistina Vatikano. Mlangoni mabega wazi na magoti wazi huingii, watu wananunua skafu nje ndio wanaingia. Ndani ukutani ni picha ya Michelangelo ya hukumu ya mwisho, aliimaliza 1541, watu waliofufuka wengi wako uchi kabisa. Baada ya yeye kufa wakamuajiri mchoraji mwingine, Daniele da Volterra, mwaka 1565 awachoree vitambaa sehemu zile. Walipoisafisha picha, kazi ikaisha 1994, baadhi ya vitambaa vikaondolewa vingine vikaachwa. Miaka karibu 450 kanisa lile lile linavisha linavua, kwahiyo Mgogo_Mpole usione mmekwama nyinyi peke yenu hapo Dodoma.

Mama_wa_Lango

Nimerudi. Nilisoma jana nikakaa kimya.

Nesi umenigusa na huyo bibi wa uji, maana mimi nina miaka 11 na sijawahi kugeuza uso ukutani. Namuangalia mtu kuanzia chini kwenda juu, ndio kazi niliyofundishwa. Kuna binti mmoja miaka mitatu iliyopita nilimfunga kanga kama huyu, na sijamuona tena. Nilijiambia ameasi. Sikumfuata nyumbani, na kwao napajua.

Kwenye mavazi sijabadilika, nguo fupi madhabahuni sitaikubali na mwinjilisti mwenyewe amesema hajasema tuvae chochote. Benchi la kanga nitaliondoa mlangoni nitaliweka kile chumba cha kunyonyeshea, anayetaka atachukua mwenyewe, na ninayemuona anahitaji nitamwita huko tukiwa wawili. Wamama wenzangu nitawaambia Jumatano kwenye kikao. Sijui watasemaje.

Mwanangu Mgogo_Mpole, huyo mama wa kwenu mtafute. Mwambie alivyojisikia huyo mtoto, mwambie taratibu, asiambiwe mbele za watu.

Mgogo_Mpole

Nawashukuru wote, Mungu awabariki, sikutegemea.

Nimempa simu mdogo wangu asome mwenyewe. Alisoma kimya kimya muda mrefu, alipofika kwa mvuvi akarudia mara mbili akaniomba Biblia akafungua Yohana 21, kisha akaniuliza hivi yule Petro si ndio alikuwa amemkana Bwana siku chache tu nyuma? Nikamwambia ndio. Akasema basi alikuwa na sababu ya kuona aibu na bado aliruka. Hakuongeza kitu hapo.

Yule mama mhudumu nimempata kwa simu kupitia mzee wa kanisa. Mwanzo alikuwa mkali akadhani nataka kushtaki, nilipomwambia kwamba mtoto alilala na kanga kiunoni akanyamaza, akauliza anaitwa nani, hakuwa anajua hata jina lake. Anataka aje nyumbani. Mdogo wangu bado hajakubali na mimi na mama hatumlazimishi.

Ile kanga ameifua leo asubuhi, iko kwenye kamba. Anasema ni mali ya wamama wa kanisa na ataipeleka mwenyewe kwa mkono wake, ila Jumapili ya lini hajasema.